Eksirei ilisema hakuna shida, mbona sasa tunaambiwa tufanye MRI?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Ahero. Mwanangu ana miaka 15 na huchezea timu ya shule. Miezi 3 iliyopita aligongwa uwanjani akaumia goti la kulia. Baada ya siku mbili tulimpeleka eksirei, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Akapewa dawa za maumivu, akapata nafuu, akarudi kucheza. Sasa yapata wiki 3 maumivu yamerudi, yanamwamsha usiku, na juu ya goti pamefura kidogo. Mama mkwe anataka akandwe na mzee mmoja anayejua mambo ya mifupa. Afisa wa kliniki naye ametuandikia MRI ya goti, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Je, MRI itaonyesha nini ambacho eksirei haikuonyesha? Mionzi yake haitamdhuru? Halafu likizo humsaidia baba yake kuchomelea milango ya chuma, na nimesikia chuma na MRI haviendani. Mwisho, dada yake mdogo ana selimundu na siku hizi analalamika nyonga. Naye apigwe picha hiyo?

JIBU: Mama, asante kwa kuandika. Nitaanza na neno moja ambalo huenda wewe ulilipita haraka: usiku.

Maumivu ya kuumia kwenye mpira kwa kawaida husikia mapumziko. Mtoto akikaa bila kukimbia, goti hutulia. Akirudi uwanjani, linalalamika tena. Maumivu yanayomtoa kijana usingizini, yakiambatana na kufura juu ya goti, yanafaa kutafutiwa sababu wiki hii, msingoje shule zifungwe. Mara nyingi sababu hiyo haiwi ya kutisha. Lakini ipo saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Ni nadra, ila ikitokea huwapata sana vijana wanaorefuka kwa kasi, na mahali inapopatikana zaidi ni mwisho wa chini wa mfupa wa paja na sehemu ya juu ya muundi, yaani pande mbili za goti. Mpira hausababishi ugonjwa huo. Shida ni kwamba mchezaji yeyote ana siku anayoikumbuka aliyoumizwa, basi sote, mzazi, kocha na hata daktari, tunaridhika na maelezo hayo, na miezi inakwenda.

Kwa hiyo kabla hujamgusa ng'ombe, rudieni eksirei. Ile ya kwanza ilipigwa siku mbili baada ya kugongwa, na swali lake lilikuwa moja tu: mfupa umevunjika? Ilijibu vizuri. Haikuulizwa kuhusu jambo ambalo pengine halijaanza kuonekana wakati ule. Ya sasa ipigwe kutoka mbele na kutoka ubavuni, na ionyeshe nusu ya chini ya paja, isiishie kwenye goti. Nikiitazama, nitakuwa natafuta mfupa ulioliwa bila mpaka unaoeleweka, ngozi ya mfupa iliyoinuliwa na kuacha pembetatu ukingoni, au mfupa mpya uliochomoza kama miale ya jua la asubuhi. Hayo eksirei huyaonyesha vizuri kuliko MRI, ile picha ya sumaku, kwa sababu eksirei inasoma chokaa ya mfupa. Mimi nikiletewa MRI ya mfupa bila eksirei pembeni huwa naomba eksirei kwanza, hata kama mashine yangu ni mpya kiasi gani.

Yaombeni pia mambo yasiyogharimu kitu. Daktari akague nyonga ya upande uleule, maana mishipa ya fahamu ya nyonga humdanganya mtoto. Kichwa cha paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake katika umri huu, na mtoto akasisitiza kwamba ni goti. Aguse pia kile kinundu kilicho chini ya pia ya goti. Vijana wengi wa mpira huumwa hapo kwa sababu kano la goti huvuta mfupa ambao bado unakua, na hao hawahitaji MRI kabisa.

Sasa, MRI inaonyesha nini? Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na vyote viwili vina haidrojeni. Mgonjwa akiingia ndani ya sumaku, viini vya haidrojeni hujipanga kuifuata. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovisukuma vitoke kwenye mpangilio, kisha husikiliza vikirudi. Vya mafuta hurudi haraka, vya maji huchelewa, na uvimbe una mwendo wake. Raymond Damadian aliona mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani kwenye panya haurudi kwa mwendo wa nyama nzima. Paul Lauterbur na Peter Mansfield wakapata njia ya kugeuza ishara hizo kuwa picha, na mwaka 2003 wakatuzwa Nobel ya tiba.

Kwa goti la mwanao nitazitegemea hasa picha za aina mbili. Ya kwanza tunaiita T1, ambapo mafuta hung'aa. Uboho wa mfupa una mafuta, kwa hiyo mfupa mzima unatakiwa ung'ae kuliko msuli ulio kando yake. Kwa vijana bado kuna uboho mwekundu karibu na goti, ambao humulika kidogo tu na huwatia wasiwasi wasomaji wapya, lakini huo nao kwa kawaida haufiki weusi wa msuli. Nikikuta sehemu ya uboho iliyo nyeusi kama msuli au kuupita, naangalia mara ya pili na ya tatu. Aina nyingine huzima mwanga wa mafuta ili maji yabaki peke yake. Ninyi wa kando ya ziwa mtanielewa nikisema hivi: ni kama usiku usio na mwezi pale Dunga, giza tupu, kisha unaziona taa za wavuvi wa omena moja moja kwa mbali. Maji yaliyovujia ndani ya mfupa huonekana hivyo, hata pale eksirei inapoonyesha mfupa mzima kabisa.

Lakini maji hayo hayasemi yametoka wapi. Mfupa uliogongwa huwaka, mfupa wenye ufa mdogo wa kukimbia sana huwaka, wenye usaha huwaka, wenye uvimbe huwaka. Ndiyo maana nahitaji historia, eksirei, na wakati mwingine vipimo vya damu. MRI haiutaji uvimbe jina. Inaniambia umefika wapi, umeingia kwenye kiungo au la, umekaribia mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu nyuma ya goti kiasi gani. Jina hutoka maabara, baada ya kuchukua kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini.

Hapa ndipo fomu yenu inanisumbua, mama. Imeandikwa MRI ya goti. Koili ya goti, ile ngao inayofungwa mguuni kupokea ishara, huchukua eneo la sentimita 16 hivi. Hilo linatosha kuona ligamenti, yaani ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, iliyokatika, au gegedu lililochanika. Halitoshi ikiwa eksirei ya pili itaonyesha uvimbe, kwa kuwa osteosakoma inaweza kuruka na kuotesha kipande kingine juu zaidi ndani ya mfupa uleule, pakiwa na sehemu nzima katikati. Kijana wa namna hiyo anahitaji picha ya paja lote, kutoka nyonga hadi goti, halafu vipande vya karibu vya eneo lenye ugonjwa. Nimeona familia zikilipa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza iliombwa picha fupi, na pesa hizo zilikuwa zimechangwa na ukoo mzima.

Mpangilio nao una uzito. MRI hutangulia, kipande cha nyama hufuata. Sindano au kisu huacha damu na kufura, na baada ya hapo siwezi kutenganisha kazi ya daktari na kazi ya uvimbe. Tena njia ya sindano ni lazima ichaguliwe na daktari wa upasuaji wa mifupa atakayemfanyia upasuaji mkubwa ikibidi, maana njia hiyo huja kuondolewa pamoja na uvimbe. Siwezi kusahau picha za kijana mmoja ambaye uvimbe wake ulidhaniwa ni jipu na ukapasuliwa kabla ya picha yoyote. Zilipofika kwangu, ugonjwa ulikuwa umefuata kidonda hadi kwenye ngozi. Mguu ambao pengine ungeokolewa haukuokolewa. Kwa hiyo tafadhali mwombe mama mkwe kwa heshima zote asubiri. Kukandwa kunaweza kuvunja mfupa ambao umedhoofika kwa ndani, na uvimbe usiojulikana haukandwi, haupakwi dawa ya moto, wala hauchanjwi. Mwanao apumzike mpira pia hadi eksirei ya pili isomwe.

Ikiwa eksirei itaonyesha kitu, msizunguke. Ombeni barua ya rufaa mwende moja kwa moja kwa daktari wa mifupa, kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret. Huko ndiko MRI, CT ya mapafu (eksirei ya vipande vipande, ya kuangalia kama ugonjwa umefika huko) na kipande cha nyama hupangwa na watu wanaozungumza wao kwa wao. Kuhusu malipo, ulizeni ofisi ya SHA, bima ya afya ya serikali, hapo hospitalini kuhusu idhini kabla ya kutoa pesa mkononi.

Na ikiwa eksirei ni safi, na anachosema ni kwamba goti linakwama likikunjwa au linamtoka akigeuka ghafla? Basi MRI ya goti, kama ilivyoandikwa, ndiyo sahihi. Itaonyesha zile ligamenti mbili zinazopishana katikati ya goti, na vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyo kati ya paja na muundi. Mwulize, siku ile alisikia mlio ndani ya goti? Lilijaa kabla ya jua kuzama? Goti linalojaa ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu, na ligamenti ya mbele huwa mshukiwa wa kwanza. Daktari mwenye mikono mizuri hugundua mengi kwa kuvuta muundi tu, akiwa amemlaza kitandani.

Mionzi isikunyime usingizi. MRI haina mionzi ya aina ya eksirei wala CT. Hatari yake ni sumaku yenyewe: mashine ya kawaida ina tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku wala mchana. Swali lako la kuchomelea ni zuri kuliko unavyodhani. Cheche moja ya chuma iliyobaki jichoni bila mtu kujua inaweza kusogea ndani ya sumaku na kuliumiza jicho. Mtaalamu wa mashine aambiwe wazi kwamba kijana huchomelea na husaga chuma. Kama amewahi kuingiwa na kipande jichoni, atapigwa eksirei ya macho kwanza, jambo la dakika chache. Simu, funguo, mkanda na sarafu hubaki nje. Ndani kuna kelele kama za karakana ya baba yake, atapewa vizibo vya masikio, na atalala bila kutikisika nusu saa au zaidi. Akiogopa, wengi wetu tunamruhusu mzazi kukaa naye, ukikaguliwa wewe pia. Wakiamua kumdunga dawa ya gadolini ili uvimbe uonekane zaidi, waelezwe kama ana tatizo lolote la figo.

Binti yako nisimwache. Katika selimundu, seli za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kinaweza kuanza kufa taratibu. Eksirei inaweza kuonekana safi kwa miezi mingi. MRI huuona uharibifu huo mapema, wakati mfupa bado ni mviringo na haujabonyea, na hapo daktari ana mengi zaidi ya kufanya. Kliniki yake ya selimundu ijue kuhusu nyonga hiyo sasa, msingoje siku ya miadi, na ikiwa ana homa au hawezi kukanyaga, mpelekeni leo leo kwa sababu usaha ndani ya mfupa haungoji foleni. Kwake mimi ningeomba eksirei ya nyonga, kisha MRI ya nyonga zote mbili, kwani mara nyingi ile isiyouma nayo imeanza.

Jambo la mwisho ni fomu. Daktari anayesoma picha hamwoni mtoto, anaona karatasi. Ikiwa imeandikwa "maumivu ya goti", nitatafuta goti lililoumizwa kwenye mpira. Mrudieni afisa wa kliniki na eksirei mpya mkononi, na kama ina shaka yoyote, mwombe aandike hivi: mvulana wa miaka 15, maumivu ya usiku wiki 3, uvimbe juu ya goti la kulia, eksirei ya tarehe fulani imeambatishwa, tunaomba paja lote la kulia. Bebeni picha zote mbili za eksirei, ya zamani na ya sasa, na mkitoka kwenye MRI msikubali ripoti peke yake. Ombeni na CD ya picha zenyewe, kwa sababu daktari wa mifupa atataka kuziona kwa macho yake.