Ramani ya gari si yako, ni ya gari lenyewe

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini uhangaike na navigesheni iliyokuja na gari la umeme wakati simu yako ina ramani nzuri zaidi, inajua foleni, na kuandika jina la mahali ni sekunde mbili. Wadau wengi hapo juu wamekuunga mkono. Hata mimi nilikuwa upande huo karibu mwaka mzima. Ile skrini kubwa kwangu ilikuwa ya redio na kamera ya nyuma, basi.

Kilichonigeuza ni baridi. Nilikuwa na safari ya alfajiri ya kama kilomita 300, njia naijua hata nikifumba macho, simu iko kwenye kishikio chake. Nikafika kwenye chaja ya haraka ya kilowati 150, betri ina asilimia 14. Nikachomeka nikijua nusu saa haitafika nitakuwa nimeondoka. Namba zikapanda mpaka kilowati 38, zikagoma hapo hapo. Nikahamia chaja ya pili, yale yale. Nikaanza kuwalaani wenye chaja. Pembeni yangu kuna jamaa ana gari kama langu kabisa, anavuta zaidi ya 110. Nikamfuata nimuulize siri yake, naye akaniuliza swali moja tu: "Hii chaja uliiweka kwenye ramani ya gari?"

Sikuwa nimeiweka. Ya nini, wakati njia naijua?

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wengi humu wanapokosea. Betri ya lithiamu ikiwa ya baridi haiwezi kupokea umeme kwa kasi. Ukiilazimisha, lithiamu inaganda juu ya uso wa elektrodi (sehemu ya ndani ya betri inayopaswa kuipokea) badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo kompyuta ya betri inabana umeme makusudi, hata chaja iwe na nguvu kiasi gani. Magari mengi ya sasa yana dawa yake: yanaipasha betri joto mkiwa bado njiani, ili mkifika iwe tayari. Lakini gari litajuaje kwamba unaelekea kuchaji? Ni pale tu chaja inapokuwa kwenye safari uliyoipanga ndani ya navigesheni yake. Simu inajua unakokwenda, gari halijui. Ukitumia Apple CarPlay au Android Auto, mara nyingi skrini inaonyesha tu picha inayotoka kwenye simu, na kompyuta ya betri haipati habari yoyote. Kuna magari yanayozungumza na simu vizuri (Ford Mustang Mach-E na Porsche Taycan zinaelewana na ramani za Apple), na mengine yana kitufe cha kupasha betri kwa mkono. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kubishana na mimi.

Kuna mitego miwili hapa, yote imenipata. Kwanza, chagua chaja kama chaja, kutoka kwenye orodha ya vituo vya kuchajia. Ukiandika jina la duka lililo jirani yake, utafika palepale na betri yako baridi vilevile, kwa sababu gari linadhani unakwenda dukani. Pili, ukiiacha betri ishuke sana, magari mengi yanaacha kuipasha, maana kupasha nako kunakula umeme. Mimi sasa napanga nifike na asilimia 15 hivi, sisubiri 5. Kama unakwenda kwenye chaja ya polepole ya kulala nayo usiku, sahau haya yote, haina haja.

Suala la kilomita zilizobaki. Ile namba iliyo mbele ya usukani inakisia zaidi kutokana na ulivyoendesha siku za nyuma. Haijui kwamba leo unapanda mlima. Navigesheni ukishaipa mwisho wa safari inahesabu miinuko na mwendo wa barabara utakazopita, kisha inakupa asilimia utakayofika nayo. Mimi siangalii tena kilomita, naangalia asilimia hiyo tu. Ikianza kushuka kila baada ya dakika chache, kuna upepo wa mbele au nimekanyaga sana, na tiba ni moja: punguza mwendo. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 kwenda 120 kwa saa unaongeza ukinzani kwa asilimia 44. Watu wanaona ni ishirini tu!

Na ikikwambia usimame mara mbili kidogokidogo badala ya mara moja ujaze mpaka juu, isikilize. Nilibishana nayo sana mwanzoni. Betri inapokea haraka ikiwa tupu, ikipita asilimia 80 inakuwa kama kumimina maji kwenye chupa yenye shingo nyembamba.

Sasa upande wa msaada wa dereva, ambao haujautaja ila ndio ninaoupenda zaidi. Kamera ya mbele inaona kile inachokiona. Kibao cha mwendo kikifichwa na lori au mvua, kimepita. Ramani inajua kona iliyo nyuma ya kilima. Gari langu likiwa kwenye kruzi kontroli (linashika mwendo lenyewe) na safari imewekwa, linapunguza lenyewe kabla ya kipilefti, kabla ya kona kali, na kabla ya kuchepuka kutoka barabara kuu. Nikiachia pedeli, linavuta breki ya kurudisha umeme kwa kiasi kinachofaa. Bila safari iliyowekwa linabaki kubahatisha, na bahati yake ni kudhani unanyoosha moja kwa moja. Siku niliyochepuka bila kuliambia, liliingia kwenye kona ya kutokea na mwendo wa barabara kuu. Mguu wangu ndio uliookoa.

Hata ile mifumo ya kuachia usukani, kama Super Cruise ya General Motors, inafanya kazi kwenye barabara zilizokwisha kupimwa na kuchorwa tu. Pasipo ramani, haiwaki.

Ila usiiamini kama mtume. Pale ambapo barabara ndogo inakwenda sambamba na kubwa, gari langu limewahi kudhani niko kwenye ile ndogo, likaanza kupunguza kuelekea 50 huku nyuma yangu kuna basi. Weka mguu tayari siku zote. Na sasisha ramani. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kumwonya dereva anapozidisha mwendo, na mfumo huo unasoma vibao, ramani au vyote viwili. Ramani ya zamani itakupigia kelele siku nzima kwa vibao vilivyoondolewa miaka mitatu iliyopita.

Simu nayo haijafa. Kwa foleni bado inashinda, na kwa kujua chaja ipi imeharibika, programu ya mwenye chaja ni bora kuliko orodha ya gari. Shida ni kwamba kwenye magari mengi ukianzisha safari kwenye Android Auto, ile ya gari inajizima, na betri inaachwa ipoe. Kwa hiyo mimi naangalia foleni kwenye simu kabla sijawasha gari, nikiona kuna njia nzuri zaidi naongeza kituo cha katikati kwenye ramani ya gari ili ipite huko. Halafu simu inabaki ya muziki.

Jaribu wikendi hii: chaja ileile, asubuhi mbili za baridi, mara moja na simu, mara moja na ramani ya gari, betri iko kiasi kilekile. Andika kilowati za dakika tano za kwanza uzilete hapa. Na utuambie gari ni la mwaka gani, maana kuna matoleo ya zamani ambayo hayapashi betri kabisa, na kama lako ni mojawapo nitakuwa nimekuchosha bure kwenye nusu ya kwanza.