Mfalme, baraza na chungu cha kura: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sote hatujambo. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu ubishi wenu kazini. Mwenzako anasema India ya kale ilikuwa nchi ya maharaja tu, na kwamba mabaraza na kura vililetwa na Waingereza. Unaniuliza kama ni kweli. Si kweli, mwanangu, na kwa kuwa nimefundisha historia maisha yangu yote, siwezi kukujibu kwa mstari mmoja.

Wafalme walikuwepo, tena wengi. Hata maelezo ya asili ya ufalme yalikuwepo, na ndipo Wahindu na Wabuddha wanapokaribiana. Kitabu cha kale cha Kihindu cha utawala, kiitwacho Arthashastra, kinasema watu walichoka kuishi kama samaki, mkubwa akimmeza mdogo, wakamweka Manu awe mfalme na kumtengea fungu moja kati ya sita la nafaka. Nayo mafundisho ya Wabuddha yanasimulia kwamba wizi ulipozidi mashambani watu walikutana, wakamchagua mmoja wao awaadhibu wakosaji, nao wakamlipa sehemu ya mpunga. Wakamwita Mahasammata, yaani aliyekubaliwa na wengi. Huyo si mungu aliyeshuka. Ni mtu aliyepewa kazi na ujira wake.

Lakini si kila mahali palikuwa na mfalme. Karne ya sita na ya tano kabla ya Kristo, kaskazini mwa Mto Ganges hadi chini ya milima ya Nepal, palikuwa na nchi zilizotawaliwa na mabaraza: Wasakya, ambao ndio ukoo wa Buddha mwenyewe, Wamalla, Wakoliya, na walio mashuhuri kuliko wote, Wavajji, ambao mji wao mkuu ulikuwa Vaishali katika Bihar ya leo. Wakuu wa koo walikutana kwenye ukumbi wao, wakajadili vita, ndoa na mipaka. Usije ukadhani kila mtu aliingia humo. Watumwa, vibarua na wanawake walibaki nje. Waliokaa ndani ni mabwana wa koo zenye ardhi. Hadithi moja ya Kibuddha inataja wakuu 7,707 wa Vaishali, kila mmoja akijiita mfalme. Hesabu hiyo ichukue kama ya hadithi, lakini inaonyesha jinsi watu walivyoukumbuka mji ule.

Sasa sikiliza kisa ninachokipenda kuliko vyote. Ajatashatru, mfalme wa Magadha, dola jirani, alitaka kuwavamia Wavajji. Akamtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha, aliyekuwa mlimani karibu na Rajagriha, mji mkuu wa Magadha, amsikie atasemaje. Buddha hakumjibu waziri. Alimgeukia mwanafunzi wake Ananda, aliyekuwa amesimama nyuma akimpepea, akamuuliza: je, Wavajji bado wanakutana mara kwa mara? Wanakutana kwa umoja na kutawanyika kwa umoja? Wanafuata sheria zao za zamani? Wanawasikiliza wazee? Hawawachukui wanawake kwa nguvu? Maswali yalikuwa saba, na kila mara Ananda alijibu kwamba ndivyo alivyosikia. Wakiendelea hivyo, akasema Buddha, hawatadhoofika. Waziri akaelewa upesi: kwa vita hawashindiki, labda kwa hila na kuwagombanisha. Mapokeo ya baadaye yanasema ndivyo ilivyokuwa. Vassakara alijifanya amefukuzwa na mfalme wake, akapokewa Vaishali, akapanda fitina taratibu, hata siku ngoma ya kuitana ilipolia watu hawakuja.

Buddha aliwapa watawa wake masharti saba yanayofanana na yale, na jumuiya yao ikaendesha mikutano kwa kanuni nzito. Hoja ilitangazwa, ikarudiwa hata mara tatu kwa mambo makubwa, na aliyenyamaza alihesabiwa amekubali. Wakishindwa kuafikiana, waligawiwa vijiti vya kura, na mgawaji aliteuliwa kwa sharti asiwe mtu wa upendeleo wala woga.

Ajabu ni kwamba Arthashastra, ambayo inajua nguvu ya mabaraza hayo, inatumia sura nzima kumfundisha mfalme namna ya kuyavunja kwa wapelelezi na wivu. Inaniuma kila ninapoisoma. Dola kubwa zikayameza, na hata Ashoka, mfalme wa dola ya Maurya, aliyeikumbatia dini ya Buddha baada ya umwagaji damu wa vita vyake vya kuiteka nchi ya Kalinga, alitawala peke yake, ingawa alichonga kwenye miamba agizo kwamba apelekewe habari za raia saa yoyote, hata akiwa mezani.

Kusini mambo yalienda njia nyingine. Huko Uttaramerur, katika Tamil Nadu, kuta za hekalu zina maandishi ya mwaka 919 na 921, enzi za mfalme Parantaka wa Wachola, ukoo wa kifalme wa kusini. Kijiji kiligawanywa mitaa 30. Kila mtaa uliandika majina kwenye vipande vya jani la mvumo, vikafungwa pamoja na kutiwa chunguni. Kuhani mzee alikiinua chungu ili wote waone, kisha mtoto asiyejua kinachoendelea akachomoa. Mpokeaji alikunjua vidole vyote vitano vya kiganja chake asiweze kuficha kitu, akasoma jina kwa sauti. Kamati za mwaka, za bustani na za bwawa la maji zilipatikana hivyo, kwa siku 360 tu.

Mgombea alitakiwa awe na zaidi ya miaka 35 na chini ya 70, awe na shamba lenye kulipa kodi, nyumba kwenye kiwanja chake na elimu ya Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Kijiji chenyewe kilikuwa cha Mabrahmani, tabaka la makuhani, kwa hiyo mlango ulikuwa mwembamba. Vijiji vya kawaida na miji ya wafanyabiashara vilikuwa na mabaraza yake mengine. Ila kuna kifungu kimoja ambacho nakuomba umsomee mwenzako polepole: aliyewahi kukaa kwenye kamati asitoe hesabu, jina lake halikuingia chunguni, wala la jamaa zake wa karibu.

Ni mimi baba yako.