Maswali ya Wasomaji: Walio Nyuma ya Makala za Bustani za Burudani Zilizofungwa

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Shangani, Mtwara. Mimi na wenzangu tumekuwa tukitazama mfululizo wa makala za Kimarekani uitwao Defunctland, unaosimulia habari za bustani za burudani na bembea kubwa zilizokwisha kufungwa. Sauti inayosikika ni ya mtu mmoja, lakini mwishoni hupita majina mengi. Hao wengine wanafanya kazi gani hasa? Nauliza kwa sababu tunataka kutengeneza makala zetu kuhusu sehemu za starehe zilizokufa huku kusini, nasi tupo wanne tu.
Kijana wa Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfululizo huo ulianzishwa mwaka 2017 na Kevin Perjurer, ambaye ndiye msimuliaji mnayemsikia, na kwa kuwa sauti yake ndiyo inayomfikia mtazamaji ni rahisi kudhani kwamba kazi nzima ni yake peke yake. Makala za aina hii hubebwa na watafiti, wahariri wa picha, watunzi wa muziki, mafundi sauti, watu wanaojenga upya majengo na bembea kwa kompyuta, na kundi ambalo mimi naliheshimu kuliko yote, nalo ni la waliowahi kufanya kazi katika bustani hizo au waliotunza kanda na picha zake majumbani mwao.

Tuanze na mtafiti, maana asipokuwepo yeye hakuna cha kusimulia. Chukueni mfano wa Dreamland, bustani iliyofunguliwa mwaka 1904 katika ufukwe wa Coney Island, New York, jirani na Luna Park iliyokuwa imeitangulia kwa mwaka mmoja. Dreamland iliteketea usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, siku ambayo ilikuwa ifungue milango kwa msimu mpya. Mafundi walikuwa wakiziba mivujo kwa lami ya moto katika mchezo wa mashua ulioitwa Hell Gate, taa zikapasuka, na katika giza lile ndoo ya lami ikapinduka. Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na banda la Martin Couney, ambamo watoto njiti walitunzwa katika mashine za joto huku watu wakilipa kiingilio kuwatazama. Habari za mwanzo zilizoingia magazetini zilisema watoto hao wameungua, ilhali ukweli ni kwamba wote waliokolewa. Msimuliaji anayekimbilia gazeti la siku ya kwanza atawaliza watazamaji kwa jambo ambalo halikutokea, na mtafiti anayestahili jina hilo ni yule anayetafuta pia gazeti la siku ya pili na ya tatu, kisha akalinganisha na maneno ya waliokuwepo.

Baada yake anakuja shahidi. Gazeti litakueleza siku ambayo gurudumu la kupandia watu lilizinduliwa na mgeni rasmi aliyekata utepe, lakini ni mwendeshaji wa gurudumu pekee atakayekueleza kwamba hakuruhusiwa kujaza viti vya upande mmoja mfululizo, kwa sababu uzito ukiegemea upande huo mashine huelemewa, hivyo alipakia watu wawili hapa, akalizungusha, akapakia wengine upande wa pili, na wale wa foleni wakadhani anawapendelea jamaa zake. Maelezo kama hayo ndiyo yanayomfanya mtazamaji aione bustani ikiwa hai tena, na hayapatikani katika maktaba yoyote. Mtu anayeyatoa ni mshirika kamili wa makala, wala si wa kushukuriwa kwa haraka na kusahauliwa.

Wajenzi wa kompyuta nao wana kazi nzito kuliko inavyoonekana. Gurudumu la kwanza kubwa kabisa la aina hiyo lilijengwa na mhandisi George Ferris kwa ajili ya maonesho ya Chicago ya mwaka 1893. Lilikuwa na kimo cha takriban mita 80, vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Lililipuliwa kwa baruti mwaka 1906 na vyuma vyake vikauzwa kama chakavu. Anayetaka kulionyesha likizunguka leo hana budi kukusanya vipimo vyake, ikiwemo ekseli, yaani mhimili wa katikati lililozungukia, yenye urefu wa karibu mita 14, na kila kipimo kinachokosekana lazima akikisie kwa kupima kitu kingine kilichomo pichani ambacho kimo chake kinajulikana, kama vile mlango au mtu aliyesimama. Hapo mtafiti na mjenzi hukaa meza moja, na mara nyingi ni mjenzi anayegundua kwamba mtafiti amekosea, kwa sababu kitu kilichoelezwa vibaya hakijengeki.

Kuhusu muziki na uhariri wa picha sitasema mengi, isipokuwa jambo moja ambalo linanigusa. Mwaka 2022 mfululizo huohuo ulitoa makala ndefu iliyomtafuta mtunzi wa mlio mfupi wa noti nne uliotambulisha kituo cha televisheni cha Disney Channel, mlio ambao mamilioni ya watoto waliukariri bila kujua umetoka kwa nani. Jina lililopatikana mwishoni ni la Alex Lasarenko, aliyekuwa tayari amefariki dunia. Mkiitazama makala hiyo mtaelewa kwa nini naona majina ya mwishoni yanastahili uangalifu uleule unaopewa maneno ya mwanzo.

Kwa watu wanne, nashauri hivi. Mmoja wenu awe mtafiti na asipewe kazi nyingine. Nyaraka za zamani mtazipata Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa machapisho ya Afrika Mashariki. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, lisiachwe hata kidogo, kwa kuwa lilichapisha habari za miji ya mikoani. Wa pili awe mtu wa kuzungumza na wazee, naye awe na subira na adabu, asiende mikono mitupu, na asiende wakati wa msimu wa korosho ambapo kila mtu yuko shambani. Wa tatu ashike kamera na sauti, wa nne ahariri. Msimuliaji mchagueni mwisho kabisa, kwa kuwasikiliza wote wanne mkisoma ukurasa mmoja.

Wazee wetu hawatawapa tarehe, na msiwalazimishe kuzitaja. Ulizeni kwa matukio. Mzee akisema jumba la sinema lilikuwa bado linafanya kazi kilipokuja kile kimbunga kilichoipiga Lindi, mnajua kwamba anazungumzia Aprili 1952. Akisema lilifungwa treni ya Nachingwea ikiwa imekwisha kusimama, hapo mmefika mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu reli ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ilifungwa muda mfupi baada ya Uhuru. Azimio la Arusha la 1967 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ni alama nyingine ambazo karibu kila mzee anazo kichwani. Matukio mawili au matatu yakikutana, mwaka mnaupata bila kumtia mzee maneno mdomoni.

Kabla ya kuwasha kamera hadharani, ombeni kibali Bodi ya Filamu Tanzania, inayosimamia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mkitaka picha za juu kwa ndege nyuki, kibali chake hutolewa kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Maeneo ya bandari msiyaguse bila ruhusa ya maandishi.

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Lindi. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha, na tumebaki na albamu zake zenye picha za sikukuu, bembea za mbao na watoto waliovalia vizuri wakingoja zamu zao. Wamekuja vijana wanaotengeneza makala wakaomba wachukue albamu zote kwa wiki moja. Nikiwapa, picha zinakuwa zao? Nao wameniambia kwamba picha zilizopo mtandaoni huwa ni za watu wote. Ni kweli?
Mama wa Mtanda, Lindi

JIBU: Dada yangu, albamu isitoke nyumbani. Vijana waje na kamera au mashine ya kunakilia, wakae mezani pako, wafanye kazi hiyo mbele yako. Kila picha inakiliwe mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya picha za zamani huwa kuna mwandiko wa penseli, muhuri wa studio au jina la aliyeiagiza, na maneno hayo kwa mtafiti yana thamani sawa na picha yenyewe.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha yote ya mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na katika muda huo haki hurithiwa. Kumpa mtu nakala si kumpa haki. Andikeni karatasi fupi inayotaja idadi ya picha, jina la makala, kwamba ruhusa ni ya makala hiyo tu, na namna jina la baba litakavyoandikwa. Mkikwama, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, ndiyo mahali pa kuuliza. Lisiandikwe jina la familia peke yake. Liandikwe jina la mpiga picha aliyeshika kamera.

Hilo la mtandaoni si kweli, na limewaponza wengi. Kazi zilizochapishwa Marekani kabla ya mwaka 1929 zimekwisha kuwa mali ya umma kwa sheria za huko, ndiyo maana filamu ambazo kampuni ya Thomas Edison ilizipiga Coney Island mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, huonekana katika makala nyingi. Lakini picha za bustani zilizofungwa karibuni, kama ile ya New Orleans iliyofurika maji ya kimbunga Katrina mwaka 2005 na haikufunguliwa tena, zina wenyewe, hata kama zimesambaa kila mahali.

SWALI: Mhariri, tulitengeneza makala moja tukiwa watu watano. Ilipopendwa, jina lililoonekana lilikuwa la mmoja wetu tu, na mzee aliyetuhadithia kila kitu hakutajwa kabisa. Sasa mzee amekasirika na sisi hatuelewani. Tufanyeje?
Msomaji wa Mikindani

JIBU: Ndugu yangu, anzeni na mzee kabla ya kuanza na ugomvi wenu. Mwende wote watano, mkiwa na mtu mzima anayeheshimika mtaani, mkaombe radhi. Kosa lenu ni la zamani katika eneo letu hili: kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 mifupa ya dainosaria ilichimbwa Tendaguru, Lindi, ikapelekwa Berlin, na ingawa jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, limebaki katika maandishi, wengi kati ya mamia ya wachimbaji na wapagazi waliofanya kazi pamoja naye wamesahaulika.

Makala inaweza kupakiwa upya ikiwa na majina yote, na hilo lifanyike wiki hii. Mzee asiwekwe chini ya neno shukrani. Awekwe kama msimulizi wa historia, kwa jina analotaka yeye liandikwe, na mumsomee kabla hamjaipakia. Ushahidi wake msiununue, kwa sababu anayelipwa kwa kila hadithi huongeza hadithi, ila nauli yake na siku aliyoiacha kazi zake mmlipe.

Kati yenu watano, kaeni mwandike nani alifanya nini, halafu mkubaliane mgawanyo wa mapato kwa makala zijazo kabla ya kupiga hata picha moja, kila mtu aweke sahihi na abaki na nakala yake. Kwa makala iliyokwisha kutoka, aliyeonekana jina lake atoe hesabu ya alichopokea, mbele ya yuleyule mtu mzima mtakayekwenda naye kwa mzee.