“Mna kitoweo?”

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi nakaanga samaki Likoni, karibu na kivuko, mwaka wa kumi sasa. Nimelelewa kanisani na kwaya nimeimba. Lakini tangu tumzike mama yangu mwezi wa pili, nikifungua Biblia naona maneno matupu. Jumapili wenzangu wanalia kwa furaha, mimi nawaza deni la mkaa na bei ya mafuta. Majirani zangu Waislamu wakisikia adhana wanafunika biashara, wanakwenda kuswali, na naona mioyo yao imetulia. Yangu imekwenda wapi? Hata kuomba nimeacha, maana naona kama naigiza. Nifanyeje?
Muuza samaki, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba. Mama hazikwi akasahaulika kwa miezi michache, na anayekuhimiza ufurahi upesi usimsikilize.

Nilipokuwa nafundisha shule ya Jumapili huku Kisauni, niliwapeleka watoto mara nyingi kwenye kaburi la Rosine Krapf, Nyali. Mumewe, yule mmisionari Mjerumani, alifika naye Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo akamzika, yeye na kichanga chao cha kike. Watoto waliniuliza kila mara, “Mwalimu, yeye hakumkasirikia Mungu?” Sikuwa na jibu la kuwapa. Nilichojua ni kwamba Krapf alibaki pwani hii, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko neno baada ya neno, huku kaburi lile likiwa ng’ambo ya maji.

Sasa fungua Yohana 21. Nakuchagulia sura hiyo kwa sababu ya kazi yako. Petro amemkana Bwana wake, hajui afanye nini na nafsi yake, anasema, “Naenda kuvua samaki.” Hakwenda kufunga wala kukesha. Alirudi kwenye nyavu, akachapwa na usiku mzima bila kupata hata dagaa. Wewe wawajua wavuvi wanaorudi hivyo wakati wa kusi, huhitaji mhubiri akueleze nyuso zao. Kumekucha, kuna mtu amesimama ufuoni, anawauliza, “Wanangu, mna kitoweo?” Hilo ndilo swali la kwanza la Yesu kwao asubuhi ile. Aliwauliza habari ya chakula kabla hajamuuliza Petro habari ya upendo. Kwa hiyo usione haya kuwaza bei ya mafuta ukiwa kanisani. Mwambie hiyohiyo bei. Hayo nayo ni maombi, na hapo huigizi.

Waliposhuka wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nilisoma maneno hayo miaka mingi bila kuyaona. Halafu mume wangu akafariki. Usiku wa mwisho kabla hajapelekwa hospitali nilimjibu vibaya, nimeinama kwenye jiko, kwa jambo dogo la chumvi. Baada ya hapo kwa mwaka na zaidi nilifundisha watoto nikiwa mkavu kama wewe ulivyo sasa. Jioni moja nilikuwa Mama Ngina, kule ufuoni Mombasa, pale wanapochoma mihogo. Moshi wa mkaa ukanijia, nikasikia sauti yangu ya usiku ule, ikabidi nikae chini ukutani.

Niliporudi nyumbani nilisoma tena. Katika Agano Jipya la Kigiriki neno hilo la moto wa makaa limo mara mbili tu, zote mbili kwa Yohana. La kwanza ni sura ya 18, Petro akiota moto uani kwa kuhani mkuu na kusema “Si mimi” alipoulizwa kama ni mwanafunzi wa Yesu. La pili ni hili la ufuoni. Mimi naamini Yesu aliuwasha moto ule kwa makusudi. Alimrudisha Petro kwenye harufu ileile aliyokuwa akiikimbia, safari hii akampikia. Nililia usiku ule, mwanangu, na sijasahau.

Na tazama mwaliko wake: “Njoni mfungue kinywa.” Wewe unawalisha watu wa kivuko kutwa, na najua wapishi wengi hawatii kitu tumboni mpaka saa nne. Nani amekupikia tangu mama aondoke? Nauliza kweli. Ikiwa hakuna, mwombe dada mmoja wa kanisani akupikie siku moja, ukae, ule, usiinuke kuosha vyombo. Nadhani una njaa ya hilo kuliko unavyodhani.

Majirani zako wasikutie unyonge. Imani ya mtu huijui kwa kumtazama akitawadha, na huenda naye akikuona unakwenda kanisani anadhani wewe ndiye uliyetulia. Muulize siku moja biashara ikipoa.

Kwa sasa usisome sura nyingi. Weka Biblia kando ya karai, mafuta yasiirukie, usome hiyo moja kwa sauti kabla wateja wa feri hawajaanza. Ukichoka, funga. Ukifika Petro anapoulizwa mara ya tatu kama anampenda Bwana wake, soma polepole. Kisha niandikie tena, uniambie wewe mwenye kuujua moshi: nguo za Petro zilikuwa zinanukaje asubuhi ile?