Kuthibitisha umri bila kuonyesha namba ya kitambulisho
Ndugu, mlinzi wa ukumbi wa Nyali anaweza kuhakikisha kwamba umetimiza miaka 18 bila kuiona namba ya kitambulisho wala tarehe yako ya kuzaliwa, mradi hati iwe ya kidijitali na ifuate kiwango cha kimataifa kama ISO/IEC 18013-5 cha mwaka 2021, kilichotungwa kwa ajili ya leseni za udereva za kwenye simu. Mtoaji wa hati hutia sahihi ya kidijitali orodha ya mihtasari ya kihesabu (alama fupi zinazokokotolewa kutokana na taarifa bila kuifichua), mmoja kwa kila kipengele, kama vile “ametimiza miaka 18”, na simu hufichua kile tu ulichokiridhia. Picha ya kitambulisho tunayoombwa kila siku kwa WhatsApp haina kinga hiyo hata kidogo. Hata hivyo, sahihi ile ile ikitumika kila mahali, wakaguzi wa hati, kama mlinzi huyo, wakishirikiana wanaweza kukufuatilia.