Mrututu Uliotoboa Ndoo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale. Niliyeyusha mrututu ndani ya ndoo ya bati ili nipate dawa ya kunyunyizia mibuni. Kesho yake nilikuta ubuluu wa maji umefifia, utando mwekundu umeshika ndani ya ndoo, na chini panavuja. Je, niliuziwa mrututu bandia? Na ule ukijani ulioshika birika la shaba aliloniachia marehemu bibi, nao ni mrututu?

JIBU: Ndugu msomaji, mrututu wako ulikuwa halisi; kilichokosewa ni chombo. Mrututu ni salfeti ya shaba, na punje zake zimeshika maji ndani yake, ndiyo maana ukizipasha moto hugeuka unga mweupe, na unga huo ukidondoshewa tone la maji hurudia ubuluu wake papo hapo. Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki, na madini hayo mawili yana nguvu zaidi ya shaba ya kushikana na salfeti; basi yaliingia majini, nayo shaba ikafukuzwa humo na kuganda ukutani mwa ndoo. Utando ule mwekundu ndio shaba yenyewe. Umepoteza ndoo na dawa kwa pamoja.

 

Safari nyingine tumia pipa la plastiki. Kwa lita 100 za maji, kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa hutosha. Kila kimoja kikorogwe peke yake, kisha maji ya mrututu ndiyo yamiminwe kwenye maji ya chokaa, wala si kinyume. Kabla ya kunyunyizia, sugua kisu hadi king'ae, ukitumbukize kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, chokaa haijatosha na majani yataungua, kwa hiyo ongeza kidogo, upime tena. Dawa hii hukinga majani dhidi ya kutu ya kahawa, haiponyi jani lililokwisha kuugua, na itumike siku ileile. Vaa glavu, kwani mrututu ni sumu.

Ukijani wa birika si mrututu. Ni kaboneti ya shaba, inayotokea shaba inapokutana na unyevu na hewa ya ukaa kwa muda mrefu. Hiyo nayo haifai kuingia tumboni: isugue kwa limau na chumvi, suuza vizuri, na usilaze kitu kichachu ndani ya birika hilo.