Kichwa kizito kwenye .44 Magnum: teke linaongezeka kiasi gani hasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini risasi ya rivolva ya .44 Magnum yenye kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) inaumiza mkono kuliko ya greni 180, ilhali boksi la hiyo nyepesi ndilo limeandikwa jouli nyingi. Jouli za kwenye boksi ziache, hizo ni habari za shabaha. Kinachorudi mkononi, yaani teke, ni uzito mara kasi ya kila kinachotoka mtutuni: kichwa cha risasi pamoja na gesi ya baruti. Gesi wengi huisahau.

Tukadirie kwa rivolva ya kilo 1.35. Kichwa cha greni 180 ni gramu 11.7, kikitoka kwa mita 490 kwa sekunde kina jouli 1,400 na msukumo (huo uzito mara kasi) wa kilo-mita 5.7 kwa sekunde. Cha greni 300 ni gramu 19.4, kwa mita 365 kina jouli 1,300 tu, lakini msukumo 7.1. Kimezidi kwa karibu robo. Sasa ongeza gesi, ambayo hutoka kwa mita kama 1,200 kwa sekunde. Kichwa chepesi hula baruti zaidi, tuseme gramu 1.8 dhidi ya 1.3, kwa hiyo 2.2 kwa 1.6. Jumla ni 7.9 kwa 8.7. Ile robo imebaki asilimia 10.

Lakini nishati ya bastola kurudi nyuma hupanda kwa kipeo cha pili cha msukumo, ndiyo maana unapata jouli 23 kwa 28. Hiyo mkono unaijua. Chepesi huchapa ghafla na kelele kali. Kizito husukuma na kunyanyua mtutu.

Uzito wa bastola una nguvu kuliko yote haya. Risasi hiyohiyo ya greni 300 kwenye rivolva nyepesi ya Smith & Wesson 329PD, yenye gramu 710 hivi, inakupa jouli 53! Na hapo kuna balaa jingine: bastola ikiruka nyuma, vichwa vya risasi ambazo hazijapigwa hubaki nyuma kwa uzito wao na kuchomoka kidogo kwenye maganda. Kichwa kikitokeza mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka. Pima urefu wa risasi ya mwisho kwa kaliper, piga tano, itoe ile ya sita, upime tena. Ikiwa imerefuka, badili aina ya risasi.

Usishangae pia kizito kikipiga juu zaidi kwenye mita 25. Kinakaa mtutuni muda mrefu, na mtutu unakuwa umeshaanza kuinuka. Rekebisha saiti.

Kwa mazoezi, tumia .44 Special, risasi dhaifu zaidi ya kipenyo hichohicho, ya greni 240 hivi, inaingia humohumo na msukumo wake ni kama nusu. Ila ganda lake ni fupi, linaacha pete ya masizi ndani ya tundu la silinda. Isugue kwa brashi kabla hujarudi kwenye Magnum, la sivyo maganda yatanasa.